Baraza la kijiji na mambo ya dunia: funzo kutoka Kitui na Makueni

SIKU ya soko huko Tulia, katika Kaunti ya Kitui, mazungumzo huanza kwa bei. Ndengu zinakwenda pesa ngapi kwa kilo? Mbaazi je? Mbuzi amepanda bei au ameshuka? Ni maswali ya kawaida, na anayeyauliza hudhani kwamba jibu limo mikononi mwa mchuuzi aliyesimama mbele yake na mizani.

Mara nyingi jibu haliko hapo. Mnamo Agosti 2017 serikali ya India, nchi inayonunua mazao ya jamii ya kunde kuliko nyingine yoyote duniani, iliweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia nchini humo: tani 200,000 kwa mwaka. Ndengu na choroko nyeusi, kwa pamoja, zikawekewa kikomo cha tani 300,000.

Nchini Tanzania, ambako wakulima wa mikoa ya kusini walikuwa wamepanua mashamba ya mbaazi kwa kulitegemea soko hilo, bei iliporomoka. Msumbiji haikufungiwa mlango kwa namna hiyo, kwa kuwa mwaka 2016 ilikuwa imetia saini makubaliano ya kuiuzia India mbaazi.

Wakulima wa nchi hizo mbili walipanda zao lile lile. Kilichowatenganisha ni kwamba upande mmoja ulikuwa umeketi na mnunuzi na kuzungumza mapema, na upande wa pili haukuwa na makubaliano ya kuonyesha.

Hilo ndilo jambo ambalo historia ya Ukambani imelidhihirisha mara kwa mara. Siasa za dunia hufika kijijini, zialikwe zisialikwe. Swali ni iwapo wanakijiji watakuwa wamekutana, wakaulizana na kuelewana kabla ya kufika kwake, au wataitwa barazani baada ya kila kitu kutiwa saini.

Kabla ya baraza la chifu

Kwa Wakenya wengi, neno baraza humaanisha mkutano ulioitwa na chifu. Chifu husimama na kutangaza, watu hupiga makofi, kisha kila mmoja hushika njia yake. Desturi hiyo ni urithi wa ukoloni. Wakamba walikuwa na mikutano yao kabla serikali haijaleta chifu.

Kulikuwa na thome, yaani uwanja ulio nje ya boma ambako wanaume walikaa kuzungumza. Kulikuwa na nzama, baraza la wazee lililoamua kesi na mambo ya eneo. Aidha, kulikuwa na mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima na kujenga, ambako mikono ikifanya kazi midomo nayo haikufungwa.

Mazungumzo hayo hayakuishia mipakani mwa kijiji. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi pwani, na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alijulikana Mombasa. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alimfikia Kivoi nyumbani kwake, na ilikuwa kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya mnamo Desemba mwaka huo.

Watu waliojua bei ya pembe huko Mombasa hawakuwa wageni wa mambo ya dunia. Waliyafikiria na kuyajadili kwa sababu riziki yao ilitegemea mambo hayo.

Ng'ombe wa 1938

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliamua kupunguza kwa nguvu mifugo ya Wakamba katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Hoja yake ilikuwa kwamba ng'ombe walikuwa wengi mno, wakamaliza nyasi na kuuacha udongo uchukuliwe na maji.

Wakamba nao walikuwa na hoja yao. Malisho yalikuwa yamepungua kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Isitoshe, kampuni ya kigeni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama huko Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei rahisi.

Hivyo basi, ndani ya boma la mfugaji mmoja wa Machakos palikutana mambo makubwa ya wakati ule: amri ya himaya, biashara ya kampuni kutoka ng'ambo, na hofu ya mmomonyoko wa udongo iliyokuwa imeenea duniani baada ya dhoruba za vumbi kuharibu mashamba ya Marekani katika miaka ya 1930.

Watu walikutana. Waliunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association na kumweka mbele kiongozi wao, Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja waliondoka vijijini wakaenda Nairobi kudai kuonana na Gavana. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa.

Wakati huo huo malalamiko yao yalipelekwa London kwa maandishi, na Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia kupaza sauti. Mkutano ulioanzia vijijini ukawa jambo la kujibiwa na wakubwa wa himaya.

Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, serikali iliachana na uuzaji wa lazima wa ng'ombe. Leo barabara moja katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake.

Waliopata ushindi huo hawakuwa na silaha. Walikuwa na mikutano iliyofanya kazi mbili: iliwawezesha kuelewa ni nani hasa atakayefaidika na ng'ombe wao, na iliwapa wote jibu moja. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba ushindi ulikuja baada ya ng'ombe kukamatwa na familia kuumia. Mkutano huo mkubwa ulifuata hasara, haukuitangulia.

Akina mama wa Mang'elete

Njia ya kuitangulia hasara ni kupata habari mapema, na kuzipata katika lugha inayoeleweka. Hapo ndipo jitihada za akina mama wa Nthongoni, katika Kaunti ya Makueni, zinapostahili kutajwa.

Vikundi 33 vya akina mama viliungana katika mradi wa maendeleo wa Mang'elete, na mwaka 2004 vikaanzisha kituo cha Radio Mang'elete, kinachotangaza kwa Kikamba. Katika safari hiyo walisaidiwa na EcoNews Africa, shirika la Nairobi ambalo kazi yake ilikuwa kuchukua mijadala ya kimataifa kuhusu mazingira na maendeleo na kuiweka karibu na jamii za Kiafrika.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, msomaji afikirie mkataba wa kimataifa kuhusu tabianchi au biashara. Huandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine chache. Muhtasari wake hufika Nairobi, kisha makao makuu ya kaunti, tena kwa Kiingereza. Unapofika kwa mama anayechota maji kwenye mchanga wa mto mkavu, umekwisha kuwa tangazo la sentensi mbili.

Mama huyo hakukosa akili. Amekosa maelezo kwa lugha yake, na amekosa mahali pa kuuliza. Redio ya kijamii humpa yote mawili, kwa kuwa jambo likisikika hewani jioni, kesho yake hujadiliwa kisimani, shambani na kwenye kikao cha kikundi.

Vikundi hivyo si mahali pa maneno matupu. Mwethya ndio uliobeba mawe na mchanga wa kujengea mabwawa ya mchanga kote Kitui na Makueni. Huko Makueni marehemu Joshua Mukusya aliwaongoza majirani zake katika kazi hiyo tangu mwaka 1978, na shirika la Utooni likazaliwa. Huko Kitui shirika la SASOL liliieneza kazi kama hiyo kuanzia miaka ya 1990.

Ukuta hujengwa kuvuka mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo, mbali na jua. Ufundi huo umewavutia wageni kutoka nchi nyingi zenye ukame. Hapo mambo ya dunia yalitembea kinyume na mazoea: kijiji kilifundisha na dunia ikasikiliza.

Jukwaa lililokuwa na lango

Kuna mikutano inayojiita ya wananchi lakini wananchi hawaingii. Januari 2007 Jukwaa la Kijamii la Dunia lilifanyika Nairobi, katika uwanja wa Kasarani. Jukwaa hilo lilianzia Porto Alegre, Brazil, mwaka 2001, likiwa jibu la vyama vya kijamii kwa mkutano wa matajiri na wakuu wa serikali unaofanyika kila mwaka huko Davos, Uswisi.

Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria. Madeni ya nchi maskini, biashara isiyo ya haki, ardhi, maji na Ukimwi vilijadiliwa. Lakini wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi walilalamika kwamba hawawezi kulipa ada ya kiingilio wala kumudu bei ya chakula kilichouzwa uwanjani. Waliandamana hadi wakaruhusiwa kuingia.

Tukio hilo lilitoa somo. Kuwa na mada nzuri hakutoshi. Mahali pa mkutano, saa yake, lugha yake na gharama ya kufika huamua ni nani atakayezungumza, hata kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Hali ni hiyo hiyo vijijini. Baraza likiitwa saa nne asubuhi siku ya soko, wachuuzi hawatafika. Likifanyika kilomita 15 kutoka kijijini, mzee asiye na nauli ya bodaboda na mama mwenye mtoto mchanga watabaki nyumbani. Baadaye orodha ya waliohudhuria itaonyesha majina mengi, na itasemekana kwamba umma umeshirikishwa.

Makaa ya mawe ya Mui

Jaribio kubwa la jambo hili katika Kitui limekuwa makaa ya mawe ya Bonde la Mui. Utafutaji wa makaa hayo ulichukua miaka mingi, na serikali ikaligawa bonde hilo katika sehemu nne: A, B, C na D. Katika sehemu ya C pekee serikali ilitaja akiba ya tani milioni 400. Mwaka 2011 kampuni ya Fenxi Mining Industry ya China ilichaguliwa kwa ajili ya sehemu za C na D, na Desemba 2013 makubaliano ya kugawana faida yakatiwa saini.

Kwa wakazi, maswali yalikuwa mazito. Nani atahamishwa? Atapelekwa wapi? Fidia italipwa kwa mwenye hati pekee, au pia kwa familia ambayo imelima hapo vizazi vitatu bila karatasi? Makaburi je? Maji ya visima yatakuwaje shimo likichimbwa?

Maswali kama hayo huathiri maisha hata kabla trekta moja halijafika. Mkulima aliyeambiwa kwamba shamba lake limo ndani ya eneo la machimbo hujiuliza kama ajenge nyumba ya matofali au asijenge. Hujiuliza kama apande miembe, ambayo itamlipa baada ya miaka kadhaa, au apande tu mahindi ya msimu mmoja. Kutojua ni hasara ambayo haiandikwi katika fomu yoyote ya fidia.

Baadhi ya wakazi walikwenda Mahakama Kuu, wakidai miongoni mwa mambo mengine kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2015 mahakama ilitupilia mbali kesi yao. Kwa walalamishi hilo lilikuwa pigo. Lakini hukumu hiyo ilieleza vigezo vya ushirikishwaji wa umma ambavyo mahakama za Kenya zimevitumia mara nyingi tangu wakati huo.

Kwa ufupi, mahakama ilisema hakuna njia moja ya kushirikisha umma inayofaa kila jambo, lakini ni lazima pawe na mpango wa kweli unaolingana na uzito wa jambo lenyewe. Watu wapewe habari zinazohusika. Makundi mbalimbali yajumuishwe kwa makusudi, hasa wale watakaoathirika zaidi. Si lazima kila mtu asikilizwe binafsi wala kila maoni yakubaliwe, lakini ni lazima maoni yazingatiwe kwa nia njema.

Hapa ndipo kisa cha Kitui kinapoungana na cha pwani. Makaa ya Mui yalitazamiwa kuja kutumika katika mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu, kaunti ile ile ambako Muindi Mbingu alipelekwa uhamishoni. Wakazi wa Lamu, chini ya mwavuli wa Save Lamu, waliupinga mpango huo. Walihofia uvuvi, afya na hatima ya Mji wa Kale, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo huo. Sababu moja kubwa ilihusu mikutano. Mikutano ilikuwa imefanyika, tena zaidi ya mmoja. Kasoro ni kwamba wananchi waliitwa kutambulishwa mradi kabla utafiti wa athari zake haujakamilika, na matokeo ya utafiti yalipopatikana hawakupewa nafasi ya kutosha kuyasoma na kuyajadili.

Kwa maneno mengine, jopo lilitofautisha kati ya watu kukusanyika na watu kushauriana. Mtu hawezi kutoa maoni ya maana juu ya jambo ambalo hajaelezwa.

Wakati huo, huko nje, upepo nao ulikuwa umebadilika. Mkataba wa Paris wa 2015 ulikuwa umezifanya benki na serikali nyingi kuyaona makaa ya mawe kama mzigo. Septemba 2021 Rais Xi Jinping aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga mitambo mipya ya makaa ya mawe katika nchi za nje.

Tamko lililotolewa kwa Umoja wa Mataifa liligusa hatima ya bonde lililoko Kitui. Mkazi wa Mui aliyekuwa akifuatilia mambo hayo alikuwa na uwezo wa kujua kwamba mradi aliohubiriwa kwa miaka unaweza kuchelewa au kukwama, na kwamba ndoto ya ajira na hofu ya kuhamishwa zote mbili zilihitaji kupimwa upya. Asiyefuatilia alibaki kusubiri tu.

Haina maana kwamba kila mkazi aliyapinga makaa hayo. Wako walioyatamani, wakitumaini kazi, barabara na umeme, na matumaini yao yalikuwa halali. Baraza la kweli huwapa nafasi wote, anayetaka na asiyetaka, ili wakisikilizana wajue ni bei gani wako tayari kulipa kwa kila jambo.

Ngazi za Makueni

Katiba ya Kenya ya 2010 iliufanya ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, katika kifungu cha 10. Kaunti zote 47 zinapaswa kuufuata. Makueni imesifiwa sana kwa kuuchukulia kwa uzito.

Katika utawala wa Gavana Kivutha Kibwana, mhadhiri wa zamani wa sheria aliyeongoza kaunti hiyo kutoka 2013 hadi 2022, mijadala ya bajeti ilipangwa kwa ngazi. Watu walianza kukutana kijijini, wakachagua vipaumbele, na wawakilishi wao wakavipeleka hadi ngazi ya wadi, kisha kaunti ndogo, na mwisho kwenye kikao cha kaunti nzima. Kaunti hiyo ina wadi 30 na kaunti ndogo sita. Kwa kila mradi wananchi walichagua kamati ya kusimamia kazi.

Safari haikuwa laini. Miaka ya kwanza ilitawaliwa na mzozo mkali kati ya gavana na madiwani, hata tume ya uchunguzi ikapendekeza kaunti ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja. Kushirikisha umma hakuondoi siasa, na yeyote anayeahidi hivyo hasemi kweli.

Hata hivyo, mfumo huo uliwezesha mambo ya dunia kujadiliwa kama mambo ya nyumbani. Mwaka 2015 Makueni ilipitisha kanuni za hazina ya kukabili mabadiliko ya tabianchi, ikitenga asilimia moja ya bajeti ya maendeleo. Kamati za wadi hupendekeza miradi, na mara nyingi hupendekeza maji. Kitui ilitunga sheria yake ya hazina kama hiyo mwaka 2018.

Mwaka huo huo wa 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Malori yalikuwa yakiumaliza mchanga wa mito kwa ajili ya ujenzi mijini, na mto ukikosa mchanga hukosa pia maji yaliyohifadhiwa humo. Miaka minne baadaye, mwaka 2019, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha ripoti likionya kwamba dunia inatumia mchanga kwa kasi isiyofaa. Mkulima aliyekuwa akichimba kisima kila mwaka kirefu zaidi kuliko mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuliona tatizo hilo.

Kukusanyika na kushauriana

Je, mwananchi wa Tulia, wa Nthongoni au wa mahali pengine popote atalitambuaje baraza la kweli? Visa hivi vinaonyesha mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni wakati. Baraza la kweli hufanyika kabla ya uamuzi, wakati bado inawezekana kusema hapana au kusema ndiyo kwa masharti. Aliyealikwa aulize mapema: ni nini ambacho hakijaamuliwa bado? Kama hakuna, basi hajaalikwa kushauriana, bali kutangaziwa.

La pili ni habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, inamruhusu raia kuomba habari kutoka ofisi ya umma kwa kuandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa anatakiwa kuliandika ombi lake. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Asiporidhika, mwombaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

La tatu ni watu waliopo na wasiokuwapo. Wenye busara hutazama kushoto na kulia na kujiuliza: vijana wako wapi? Wajane wako wapi? Wenye mashamba yatakayoguswa wamefika, au tumejaa sisi tusiohusika? Mwethya haukuwa na nguvu kwa sababu ya mwenyekiti wake, bali kwa sababu kila boma lilileta mtu.

La nne ni kumbukumbu. Maneno yasiyoandikwa hupeperuka. Kikundi chenye karani wake, anayeandika aliyesema nini, aliyeahidi nini na tarehe ya ahadi, kina kitu cha kuonyesha kamishna, diwani au hakimu siku ya mzozo. Kisicho na karani kitategemea daftari la upande wa pili.

Kuna wanaosema kwamba mambo ya dunia ni makubwa mno kwa watu wa kijijini, na kwamba wao wazungumziwe maji na barabara tu. Wanasahau kwamba bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 katika Kaunti ya Makueni karibu na mpaka wa Kitui, limegharimiwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na kujengwa na kampuni ya China. Anayezungumzia maji ya Mto Athi tayari anazungumzia madeni ya taifa, benki za kimataifa na uhusiano wa Kenya na mataifa makubwa. Tofauti ni iwapo anajua hivyo au hajui.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wafugaji wa 1938 waliuliza ng'ombe wao wanakwenda wapi. Akina mama wa Mang'elete walitaka mambo ya mbali yaelezwe kwa lugha yao. Watu wa Mui waliuliza watahamia wapi, na ingawa mahakama haikuwapa walichoomba, swali lao liliacha vigezo ambavyo Wakenya wengine wanavitumia.

Siku nyingine ya soko itafika Tulia na mizani itatundikwa tena. Mwenye ndengu atauliza bei, kama ilivyo ada. Iwapo yeye na majirani zake watakuwa wameketi kwanza na kuulizana ni nani ameipanga bei hiyo, wapi, na kwa sababu gani, hawatakuwa wameibadilisha India. Lakini watajua wapande nini msimu ujao, na wamtume nani kuwasemea kabla milango haijafungwa.